Andazi la Jua

Eivind alianguka mbele ya kadamnasi. Hakuteleza kidogo akajishika na kuendelea na safari kama vile hakuna kilichotokea. Miguu yote miwili iliruka hewani katikati ya uwanja wa bandarini, Jumamosi ya mwisho ya Novemba, wakati mji mzima wa Tromsø umemiminika pale kununua mishumaa na soksi za sufu. Katika kutapatapa akashika mkanda wa koti jekundu la mwanamke aliyekuwa akipita, na wote wawili wakajikuta wamekaa juu ya barafu, ubavu kwa ubavu, watu wakiwapita kulia na kushoto.

Mwanamke mwenyewe aliitwa Gunnvor. Alikuwa mwokaji katika duka la mikate pale pale bandarini, mabega mapana, msuko mmoja mnene wa nywele za rangi ya majani makavu, na ndani ya koti alivaa sweta la sufu alilofumiwa na mama yake, la mistari ya kijivu na nyeupe. Alimtazama yule bwana mrefu mwembamba akipapasa kutafuta miwani yake, kisha akamtazama miguuni.

"Wewe ni wa kusini," alisema.

"Umejuaje?"

"Viatu."

Kweli vilikuwa viatu vya aibu, vya ngozi nyembamba, soli laini, vya mtu anayekwenda kwenye harusi ya mwezi wa Juni. Sisi wa huku, theluji ikianza kushikana tu, tunavalisha viatu vyetu njumu za barafu: kipande cha mpira chenye misumari midogo kinachonasa ardhini. Bila njumu hutoki nyumbani. Gunnvor aliinama pale pale chini, akavua njumu ya mguu wake wa kushoto, akaivalisha kwenye kiatu cha kulia cha yule mgeni bila kumwomba ruhusa.

"Moja yangu, moja yako," alisema. "Sasa nishike mkono. Ukianguka tena nakuacha."

Basi wakavuka uwanja wamekumbatiana viwiko kama wazee, kila mmoja na mguu mmoja wa kuaminika na mwingine wa kuteleza, wakicheka kwa woga. Walipofika mgahawani na kuagiza kakao ya moto, Gunnvor alishajua kwamba Eivind ni fundi miwani, anatoka Lillesand kule pwani ya kusini, na ameletwa kushika nafasi ya mtu kwa mwaka mmoja. Alifika Agosti, wakati jua letu bado halitaki kwenda kulala. Hakuna aliyemwambia kwamba mwisho wa Novemba linaondoka kabisa na halirudi mpaka Januari inaelekea ukingoni. Ama waliomwambia alidhani wanatia chumvi.

Wakati wa kuagana hakuirudisha njumu, na Gunnvor hakuidai.

Desemba hiyo ilikuwa tamu. Gunnvor alimfundisha mpenzi wake giza kama anavyofundishwa mtoto kuogelea. Alimnunulia viatu vya maana. Alimpandisha msituni kwa mbao za kutelezea theluji, kwenye njia yenye taa, na chupa ya kahawa mgongoni, akamfundisha kuanguka kwa heshima. Alimwingiza sauna ya bandarini, chumba cha mvuke mkali, mpaka akawa mwekundu kama kamba aliyechemshwa, kisha akamsukuma baharini, na Eivind akapiga ukelele uliofika ng'ambo ya pili. Saa sita mchana, pale anga inapopata rangi ya samawati kwa muda mfupi, alikuwa akitoka dukani na aproni yake, anagonga kioo cha duka la miwani, anamtoa nje wasimame tu wakitazama. Alisema mwanga wa namna hiyo huko kusini hawaupati hata wakiulipia.

Eivind alikuwa amepanga chumba upande wa kisiwani, dirisha likitazama mlango wa bahari. Gunnvor alikaa ng'ambo, mlimani, juu kidogo ya lile kanisa jeupe karibu na daraja. Siku ya kwanza ya Majilio alitundika dirishani nyota kubwa ya karatasi ya rangi ya chungwa yenye taa ndani, kama nyumba zote za huku zinavyofanya, na kutoka chumbani kwa Eivind ilionekana kama nukta ya moto juu ya maji meusi. Kila jioni simu ililia.

"Umewasha?"

"Nimewasha. Unaiona?"

"Nakuona wewe."

"Muongo. Unaona balbu."

"Balbu yenye msuko," alisema Eivind, na Gunnvor akacheka mpaka akakaa chini.

Jioni moja Eivind aliuliza nyota hiyo inakaa mpaka lini. Gunnvor akamwambia kwake haitoki mpaka jua lirudi. Hiyo nyota si pambo, alisema, ni zamu ya ulinzi. Inalishikia jua nafasi yake. Kisha, kwa kuwa alikuwa na furaha, na mwenye furaha hachungi ulimi, akaongeza: "Siku ukitazama huku ukakuta dirisha lina giza, ujue nimekuchoka."

Eivind alicheka. Wote wawili walicheka. Lakini maneno ya utani huwekwa akiba kama maneno mengine, na haya yalikaa.

Habari nyingine aliyomwambia ilikuwa ya maandazi. Siku jua linaporudi, mji mzima hula maandazi ya jua, ya duara, yaliyokaangwa na kujazwa jemu ndani. Watu wengi huyala tangu asubuhi. Nyumbani kwa kina Gunnvor ilikuwa mwiko. Marehemu baba yake alikuwa ameweka sheria kwamba andazi haliliwi mpaka mtu ameliona jua kwa macho yake mwenyewe, na kukiwa na mawingu unangoja kesho, na kesho kutwa, hata kama andazi limekuwa gumu kama jiwe. Mwaka mmoja walingoja mpaka mama akalilowanisha kwenye maziwa.

"Na mlikula?" aliuliza Eivind.

"Tulikula. Tamu kuliko yote."

Niseme jambo moja kuhusu sisi watu wa kaskazini, na atakayekasirika na akasirike. Tuna kiburi cha giza. Mgeni akituuliza tunaishije bila jua, tunajibu kwamba ndiyo majira tunayoyapenda, mishumaa, sufu, moto, utulivu. Ni kweli. Lakini nusu yetu tunameza mafuta ya samaki kwa hofu na kulia bafuni maji yakiwa yamefunguliwa, na hatusemi. Anayesema tunamcheka. Usiku wa mwaka mpya, nyumbani kwa Gunnvor, marafiki zake walisimulia habari za mwalimu mmoja kutoka kusini aliyelala kuanzia Desemba mpaka Machi kama dubu, mpaka shule ikamrudisha kwao. Gunnvor alimwigiza huyo mwalimu akikoroma mbele ya ubao. Watu walishika mbavu. Aliyecheka kwa sauti kuliko wote alikuwa Eivind, na hilo peke yake lingetosha kumshtua mwenye akili.

Kwa sababu Eivind naye alikuwa amekwisha. Tangu Krismasi usingizi wake ulikuwa umepinduka. Usiku alikodolea macho dari, mchana alizama. Chakula kilikosa ladha. Alikuwa akipima macho ya wateja, akiwauliza kama wanaona vizuri zaidi hivi au hivi, huku yeye mwenyewe akiona kila kitu kama kimefunikwa na shuka la kijivu. Alimpenda Gunnvor vile vile, pengine zaidi, lakini kumpigia simu kulimtaka nguvu aliyokuwa hana. Simu za jioni zikapungua. Alijibu "ndiyo", "hapana", "nimechoka tu". Turid, mama wa makamo aliyefanya naye kazi dukani, alimpeleka kwa daktari kwa nguvu, akapewa taa kubwa ya mwanga mkali mithili ya jua, akae mbele yake kila asubuhi. Alimwapisha Turid asimwambie mtu, hasa yule mwokaji.

Gunnvor aliona simu zinapungua. Hakuona kingine.

Mambo yaliharibikia kwenye chewa. Januari samaki hao hurudi kutoka bahari kuu, wakubwa, na mlo wao kwetu si mchezo: minofu, maini na mayai yao, vyote mezani kwa pamoja, na kumwalika mtu kwenye mlo huo mama yako akiwepo ni kusema neno kubwa bila kulitamka. Bi Bergljot, mamake Gunnvor, mjane mkavu wa maneno mwenye funguo za nyumba ya bintiye na maoni juu ya kila kilichomo, alikuja na sufuria yake mwenyewe. Alivaa gauni la buluu na kipini cha fedha kifuani. Gunnvor alivaa blauzi nyeupe aliyoipiga pasi mara mbili. Walikaa. Maini yakaganda mafuta. Simu ya Eivind ililia bila kupokelewa, mara nyingi, mpaka Bi Bergljot akasema tule, samaki hana kosa.

Kesho yake Eivind alipiga simu na sauti ya kukwaruza. Alisema samahani, kazi ilikuwa nyingi, alibaki dukani akihesabu mali na simu aliisahau kwenye koti.

"Dukani," alisema Gunnvor.

"Ndiyo, mpenzi. Nisamehe. Mwambie mama yako..."

"Nilipita dukani, Eivind. Kabla ya kuweka maji jikoni. Kulikuwa na taa, nikagonga, Turid akaniambia umeondoka saa nane mchana."

Kama Eivind angesema ukweli wakati ule, hadithi hii isingekuwepo. Lakini alikuwa akimsikia yule mwalimu akikoroma mbele ya ubao na watu wakishika mbavu, na akanyamaza.

"Ni nani?" aliuliza Gunnvor.

"Nani nini?"

"Usinifanye mjinga. Mwanamume anatoka kazini saa nane mchana, hapokei simu mpaka kesho, halafu anadanganya. Ni nani?"

"Hakuna mtu. Gunnvor, nakuapia hakuna mtu."

"Basi ulikuwa wapi?"

"Siwezi kusema."

"Ukiweza, unajua nyota ilipo," alisema Gunnvor, akakata.

Alipenda, ndiyo shida, na alikuwa amewahi kuachwa na mtu wa kusini aliyeondoka bila hata kukunja blanketi. Alijiapiza kwamba safari hii hatakuwa wa kwanza kupiga simu. Kisiwani, Eivind aliketi kitandani na viatu vyake, akatazama ng'ambo. Nyota ilikuwa inawaka. Aliona kwamba bado ana mlango, na akajiambia kesho ataamka mapema, akae mbele ya taa yake, apate nguvu, avuke daraja akaseme ukweli. Kesho hakuamka mapema. Wala kesho yake.

Kisha ikafika siku ya ishirini ya Krismasi, katikati ya Januari.

Hapa ndipo mji wetu umegawanyika, na ndugu wamewahi kununiana. Siku hiyo Krismasi inatolewa nyumbani, mti, vitambaa, mapambo, yote. Lakini nyota ya dirishani ni ya Krismasi au ni ya giza? Wengine tunasema ni ya giza, inangoja jua. Bi Bergljot alikuwa upande wa pili, na kwake halikuwa jambo la mjadala. Asubuhi, bintiye akiwa kazini, aliingia na funguo zake, akafagia sindano za mti, akakunja vitambaa, akaifungua nyota, akailaza kwenye boksi lake na kuiweka juu ya kabati. Alidhani anamsaidia mtoto mwenye huzuni.

Gunnvor alirudi mchana akaona dirisha tupu. Alijua mara moja ni mama. Alileta kiti, akapanda, akashika boksi. Na akakumbuka utani wake mwenyewe.

Alisimama juu ya kile kiti muda mrefu. Angeweza kuitundika ile nyota kabla anga halijawa jeusi kabisa, na Eivind asingejua kitu. Lakini moyo uliokasirika una hesabu zake. Kama anaitaka nyota, aje aidai. Kama haji, basi nimejua. Aliliacha boksi pale juu akashuka, na jioni ile alikaa gizani dirishani, simu mapajani, akingoja mtu wa upande wa pili apige.

Upande wa pili Eivind alitazama ng'ambo, akahesabu madirisha kuanzia kanisani kupanda juu, akadhani amekosea, akahesabu tena. Alivua miwani akaifuta. Kisha akakaa chini. Hakulia, alikuwa amepita hapo. Alimwomba mwajiri wake amwachie, akanunua tiketi ya ndege ya kwanza yenye nafasi. Ikaangukia siku jua linaporudi, saa saba kasorobo mchana. Hakuliona hilo kuwa na maana yoyote. Jua lilikuwa jambo la watu wengine.

Siku ya jua duka la mikate halipumui. Gunnvor na wenzake walikuwa wamekaanga maandazi tangu kabla ya mji kuamka, na kufikia saa nne foleni ilikuwa imetoka mlangoni na kuzunguka kona, watoto wa shule wakiwa na mataji ya karatasi za njano, wazee na fimbo zao. Mikono ya Gunnvor ilikuwa ya sukari mpaka viwikoni. Alikuwa akitabasamu kwa wateja kwa midomo tu.

Turid alipofika mbele ya kaunta aliagiza maandazi manne, kisha hakuondoka.

"Nilimwapia nisiseme," alisema. "Ila anaondoka leo, na mimi nimechoka kuwa mwaminifu."

"Nani anaondoka?"

"Unajua nani. Ndege ya saa saba kasoro. Yule si mzinzi, binti yangu, ni mgonjwa. Giza limemla. Siku ile ya samaki wenu nilimruhusu saa nane kwa sababu alikuwa anasinzia na bisibisi ya kukazia miwani mkononi. Alikwenda kubadilisha nguo aje kwako."

Foleni ilianza kunung'unika. Gunnvor alisimama na koleo hewani, andazi limening'inia. Kila kitu kilimrudia kwa wakati mmoja, sauti ya kukwaruza, "nimechoka tu", lile cheko kubwa la mwaka mpya. Aliona aibu iliyomwunguza masikio. Alimtazama mwenye duka, mzee mnene aliyekuwa akipokea wateja pembeni yake. Mzee alitazama foleni, akamtazama yeye, akavuta koleo kutoka mkononi mwake.

"Nenda," alisema. "Ila chukua moja. Watu wasije wakasema mwokaji wangu alikwenda kuliona jua mikono mitupu."

Alipiga simu akiwa anavaa koti juu ya aproni. Iliita mpaka akakata tamaa, kisha ikapokelewa. Nyuma ya Eivind kulikuwa na sauti ya tangazo la ndege.

"Turid ameniambia," alisema Gunnvor.

"Aliapa."

"Nashukuru kwamba hajui kuapa. Kwa nini hukusema?"

"Nilikaa kitandani nivue viatu," alisema Eivind polepole. "Nibadilishe shati. Nilikuwa nimenunua maua ya mama yako. Nilipofungua macho ilikuwa usiku, na maua yalikuwa mkononi. Ningesema nini? Kwamba nilikoroma? Ungecheka."

Gunnvor alitaka kusema hapana.

"Ningecheka," alisema. "Halafu ningekuja, ningekuamsha."

"Dirisha lako lina giza, Gunnvor."

"Mama aliitoa nyota. Siku ya ishirini. Yeye kwake..."

"Ulirudi nyumbani ukakuta haipo."

"Nilikuta haipo."

"Na hukuirudisha."

Watu walikuwa wakimpita, wakicheka, wakibeba mifuko ya maandazi. Hapa angeweza kudanganya. Angesema sikujua, boksi sikuliona.

"Sikuirudisha," alisema. "Nilipanda kwenye kiti, nikaishika, nikaiacha. Nilitaka uumie uje. Sikujua kwamba umeshaumia. Eivind, usiliache jua hujaliona. Njoo gatini, tuliangalie, halafu kama unataka kwenda, nitakupeleka mwenyewe kwa ndege ya kesho na nitakubebea begi."

"Wameanza kutuita," alisema Eivind, na simu ikakatika. Gunnvor hakujua kama Eivind amekata au betri imekwisha.

Akampigia mama yake.

"Mama, nenda kwangu. Itundike nyota."

"Krismasi imekwisha," alisema Bi Bergljot. "Baba yako angesemaje? Nyota baada ya siku ya ishirini. Majirani watadhani tumelewa."

"Si ya Krismasi, mama. Ni ya Eivind. Hakutudharau. Alikuwa mgonjwa na mimi nilimfanyia dhihaka, na sasa yuko uwanja wa ndege."

Bi Bergljot akasema ana kitu jikoni, akakata. Ndivyo alivyo. Gunnvor aliisokomeza simu mfukoni na kushuka gatini, akiteleza na kujishika, kwa sababu tangu Novemba alikuwa akitembea na njumu moja na hakutaka kununua nyingine.

Gati lilijaa. Watu wote walitazama kusini, kwenye lile pengo la milima ambapo jua hutoa kichwa kwa dakika chache na kurudi. Leo pengo lilikuwa limezibwa. Wingu zito lilikuwa limekaa pale tangu asubuhi, na theluji nyembamba ilianza kudondoka, na mchana ule ulikuwa na giza kama magharibi. Watoto waliimba hata hivyo. Gunnvor hakutazama kusini. Alitazama barabara inayotoka uwanja wa ndege, mfuko wa andazi kifuani, na kila basi lililosimama lilimpandisha moyo na kuushusha.

Saa sita ilifika ikapita. Watu walipiga makofi kwa jua ambalo hawakuliona, kama tunavyofanya kila mwaka wa mawingu, wakala maandazi yao na kuanza kutawanyika. Basi jingine lilisimama, likatoa mama na kigari cha mtoto, likaondoka. Kisha juu ya mawingu ikasikika ndege ikinguruma, ikipanda, ikielekea kusini. Gunnvor aliisikiliza mpaka ikaisha. Alikaa kwenye nguzo ya kufungia meli. Machozi yalimtoka, na kwa kuwa watu walikuwa wachache, aliyaacha.

"Nimeanguka mara tatu kutoka kituoni mpaka hapa," mtu alisema nyuma yake. "Na begi hili halina njumu hata moja."

Eivind alikuwa amejaa theluji upande mzima. Alikuwa amekonda, macho yamezama, ndevu za siku nyingi. Kwenye kiatu cha kulia alikuwa na ile njumu. Gunnvor alisimama akamshika kwa mikono miwili kwenye kola ya koti, akamtikisa, kisha akamkumbatia kwa nguvu mpaka miwani ikapinda.

"Nilidhani ile ndege..."

"Niliifuata mpaka mlangoni. Nikatoa tiketi. Nikafikiria nitafika nyumbani, watu watauliza jua la kaskazini likoje, nami sijaliona." Alivuta pumzi. "Sijapona, Gunnvor. Usidhani nimerudi nikiwa mzima. Kesho nitashindwa kuamka."

"Namaliza kazi mchana. Nitakuja kukugongea kila siku."

"Na ukicheka?"

"Nitacheka. Wewe utanifukuza, mimi sitaondoka."

Eivind alitazama kusini, kwenye lile wingu. Alitazama muda mrefu, na uso wake ukaanza kuzama tena.

"Halikuja," alisema.

"Halikuja."

Gunnvor akamgeuza kwa bega ili wasilitazame lile wingu, wakawa wanaelekea ng'ambo, kwenye maji ya kijivu, daraja, kanisa jeupe na nyumba zinazopanda mlimani. Na pale, juu kidogo ya kanisa, kitu kiliwaka. Kikazimika. Kikawaka tena, kikayumba, kama kinachotundikwa na mtu asiyefika vizuri hata akiwa juu ya kiti, kisha kikatulia, nukta moja ya rangi ya chungwa.

Eivind hakuhitaji kuhesabu madirisha.

Simu ya Gunnvor ililia. Sauti ya Bi Bergljot ilikuwa ya mtu anayehema. Alisema waya huu umechakaa na watu wazima hawapaswi kupandishwa kwenye viti. Alisema chewa wengine wako kwenye ndoo, na huyo kijana aambiwe saa kumi na moja, na kama atasinzia mezani asinzie, atawekewa mto.

Gunnvor alirudia maneno yote hayo kama yalivyo, akilia na kucheka. Kisha akakumbuka mfuko uliobanwa kifuani. Andazi lilikuwa limebonyea upande, sukari imelowana, lakini ndani bado lilikuwa na uvuguvugu. Alilimega nusu kwa nusu mbele ya pua ya Eivind. Mji mzima ulikuwa umeshakula, na baba yake, alipo, angemsamehe kwa leo.

Eivind alimshika mkono.

"Hatujaliona," alisema.

"Kesho wanasema mawingu pia."

"Basi kesho kutwa."

"Litakuwa gumu kama jiwe, Eivind."

"Mama yako ana maziwa," alisema. Akaziunganisha zile nusu mbili, akazirudisha kwenye mfuko, akafungua koti lake na kuuweka mfuko upande wa ndani, karibu na mwili, andazi lisigande.